Kabati la Kadi: "Kwenye kisanduku cha Muumba tumwandike nani?"

Zamu hii nimepata barua tatu na ujumbe mmoja wa simu, na zote zinazunguka mlingoti mmoja: jina la mtu kwenye kumbukumbu za kompyuta, na kazi aliyoifanya mtu huyo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenichekesha, kisha ikanikosesha usingizi.

*

Shikamoo Mama Kabati. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Klabu yetu ya utamaduni imerekodi kwa simu nyimbo 34 za bibi zetu: za kupiga kasia, za kulima, za kubembeleza watoto. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta Mwanza mjini ametuwekea programu ya kutunzia kumbukumbu. Kila wimbo una fomu yake, na kisanduku cha pili kimeandikwa, kwa Kiswahili cha mashine, "Muumba". Katibu wetu ni mzee wa kanisa; amekataa katakata kuandika jina la mwanadamu pale. Tulipombembeleza sana akaandika jina la mwanafunzi aliyeshika simu. Haikupita wiki, mjukuu wa bibi mmoja akaja shuleni kuuliza tangu lini mtoto wa kidato cha pili akatunga wimbo ambao bibi yake aliupokea kwa mama yake. Na wapo wengine: aliyeandika maneno ya Kikerewe, aliyeyaweka kwa Kiswahili, na mfanyabiashara aliyetupa nauli. Tumwandike nani?

Marahaba mwalimu, na wana-Ukerewe wote nawasalimu. Kwanza mtoeni katibu wenu kwenye mgogoro na Mwenyezi Mungu. Neno lililogeuzwa "Muumba" ni Creator, na walioliweka hawakuwa wanahubiri. Maana waliyoipa ni mtu, kundi au taasisi yenye dhima kuu ya kukifanya kitu kiwepo. Wengine hutafsiri "Mtunzi". Kwa vitabu ni sawa, lakini kwa nyimbo zenu mtaibua kesi ya pili, maana bibi hakutunga. Mimi naandika "Mhusika Mkuu", na kisanduku kiitwacho Contributor nakiita "Mshiriki". Kijana wenu anaweza kubadilisha maneno hayo kabla chai haijapoa. Jina la ndani la kisanduku linabaki lilivyo, kinachobadilika ni kibao cha mlangoni.

Fomu hiyo inafuata kiwango kinachoitwa Dublin Core. Dublin yenyewe si ya Ireland. Ni mji wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako Machi 1995 wakutubi na watu wa kompyuta walikaa kutafuta maelezo machache ambayo mtu yeyote angeweza kuyajaza kuhusu kitu kilichoko kwenye intaneti, bila kusomea ukutubi. Walitoka na visanduku 13. Kimoja kiliitwa Mwandishi, na kingine, shikeni hapo, kiliitwa Mhusika Mwingine. Yaani mhariri, mfasiri, mchoraji, wote kapu moja. Baadaye visanduku vikafika 15. Mwandishi akapanuliwa akawa Mhusika Mkuu, kwani mpiga picha na mchongaji hawaandiki kitu, na Mhusika Mwingine akawa Mshiriki. Hivyo 15 ndivyo vilivyokuja kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 15836, mwaka 2003.

Watu hawakuridhika, kama ninyi msivyoridhika. Walitaka kila jina liandamane na kazi yake. Julai 2000 ikatoka orodha ya vifafanuzi. Tarehe ilipata vyake: ya kuundwa, ya kutolewa, ya kurekebishwa. Kichwa kilipata, Uhusiano ukapata vingi. Mhusika Mkuu hakupata hata kimoja. Mshiriki pia hakupata, wala Mchapishaji. Wala hawakusahauliwa, hapo ndipo palipokuwa na ubishi. Wako hata waliotaka visanduku hivyo vitatu vivunjwe, kiwe kimoja tu cha Wahusika, halafu kazi ya kila mtu isemwe pembeni. Haikupita. Mimi ningewapigia kura.

Jambo mojawapo lililokuwa likiwabana lina akili sana, nami nalitumia hadi leo. Kifafanuzi ni kilemba: ukikivua, kichwa kibaki. Ukiandika "Mshiriki, mwimbaji: Bibi Fulani", kisha kompyuta nyingine isiyojua neno "mwimbaji" ikalitupa, kinachobaki ni "Mshiriki: Bibi Fulani", na hilo bado ni kweli. Lakini miaka ile walikuwapo waliobandika kwenye Mhusika Mkuu mpaka anwani na simu. Haya, vua kilemba hapo. Kinachobaki ni "Mhusika Mkuu: Sanduku la Posta fulani, Mwanza". Sanduku la posta limeimba! Kwa hiyo mwalimu, kama mmeweka namba ya simu ya bibi popote karibu na jina lake, iondoeni leo hii. Hata kama isingeharibu kumbukumbu, hakuna anayetaka bibi yake apigiwe simu usiku na mtu aliyeiona kwenye intaneti.

Dawa ya kazi za watu haikutoka Ohio. Ilikuwa imeshachemshwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako wakutubi walikuwa na orodha ya kazi, kila moja na msimbo wa herufi tatu, kwa ajili ya katalogi zao za MARC, yaani kadi za maktaba zilizoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaisoma. Mwandishi ni aut, mfasiri ni trl, mpiga picha ni pht, mwimbaji ni sng, aliyerekodi ni rcd, aliyenukuu maneno kutoka kwenye sauti ni trc, mhojiwa ni ive na anayemhoji ni ivr. Watu wa Dublin Core wakakubali orodha hiyo itumike kufafanua Mshiriki. Ndiyo maana mpaka leo ukitaka kusema nani kafanya nini, unaazima nyumba ya jirani.

Sasa turudi kwenye nyimbo zenu. Kabla hujauliza "nani", uliza "kitu gani". Mnachokiingiza si wimbo. Wimbo ni wa mama yake bibi, na wa mama wa huyo, na hauna faili. Mnachokiingiza ni sauti ya bibi fulani siku fulani, akiimba, na pengine jogoo nyuma yake. Kwa kitu hicho Mhusika Mkuu ni bibi. Mwanafunzi alishika simu vizuri na astahili kutajwa, lakini simu ingeshikwa na mwingine wimbo ungesikika. Bibi asingekuwepo kusingekuwa na chochote cha kushikia simu. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi ukaulize gunia la dagaa limefanywa na nani, watakucheka. Ukiuliza nani kavua, nani kaanika, mtumbwi wa nani, kila mtu anajibu bila kugombana.

Basi wimbo mmoja ukae hivi. Mhusika Mkuu ni bibi, mwimbaji, sng. Chini yake Washiriki: mwanafunzi, aliyerekodi, rcd, mwenzake aliyeandika maneno ya Kikerewe, trc, na wewe mwalimu, kama ndiwe uliyeyafasiri, trl. Kisanduku cha Maelezo kiseme kwa sentensi ya kawaida kwamba bibi aliupokea wimbo kwa mama yake, na kama jina la mama linajulikana, liandikwe. Mjukuu akija tena, mfungulieni asome hapo.

"Lakini kisanduku ni kimoja," utasema. Hapana. Dublin Core ya kawaida inaruhusu kisanduku chochote kirudiwe mara upendavyo, na inaruhusu kingine kibaki kitupu. Pembeni mwa kisanduku kwa kawaida kuna alama ya kujumlisha, ibonyezeni. Msichanganye tu majina manne kwenye mstari mmoja kwa koma, kwa sababu kompyuta itadhani ni mtu mmoja mwenye jina refu kama treni ya kati. Wala msiandike "Bibi Fulani (mwimbaji)" ndani ya kisanduku cha jina. Kesho ataandikwa "Bibi Fulani (msimulizi)" kwenye hadithi, na mtafutaji atapata bibi wawili. Kama programu haina mahali pa kuweka kazi, fungueni jedwali la Excel lenye safu nne, namba ya faili, jina, kazi na msimbo, mlitunze pamoja na sauti. Jedwali hilo litaishi kuliko programu yenyewe.

Mfanyabiashara wa nauli? Msimbo wake upo, fnd. Mimi ningemweka kwenye Maelezo kwa shukrani, asipodai zaidi.

Na mkitaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini haya yote si ushamba wa wakutubi, mfano uko hapo hapo kisiwani kwenu. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Ilikaa miaka na miaka bila kuchapwa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndicho kitabu kilichotolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kwenye kadi ya toleo hilo jina lake linastahili kuandikwa mara mbili: mwandishi, na tena mfasiri. Toleo la Kiingereza la 2002 lilifasiriwa na Gabriel Ruhumbika, kwa hiyo kadi ile ina majina mawili na mambo yanaonekana. Lakini ile ya 1980, ukiandika "Mhusika Mkuu: Kitereza" ukaishia hapo, hakuna mfasiri anayeonekana, na msomaji ataapa kwamba kitabu kilizaliwa kwa Kiswahili. Nimeshakutana na mtu anayeapa hivyo, kwenye daladala ya Buhongwa, nikashuka kituo kimoja mbele ya kwangu kwa sababu hatukuwa tumemaliza.

*

Mama Kabati, nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kirumba. Mteja wangu amerudi mkali. Ripoti niliyomchapia ameipeleka kazini kwake, wakaifungua kwenye kompyuta, sehemu ya taarifa za faili ikaonyesha mwandishi ni "hp". Wamemshuku kwamba ameiiba. Nimekosa nini?

Hujakosa, ila kompyuta yako imekuwa mwandishi hodari kuliko wote Kanda ya Ziwa. Programu ya kuandikia huchukua jina lililosajiliwa siku ile ilipowekwa, inalibandika kwenye kila faili jipya kama mwandishi. Aliyekuuzia hiyo kompyuta aliacha "hp". Kwa hiyo mikataba ya viwanja, barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mahubiri yote uliyochapa, mwandishi wake mmoja.

Nisikucheke sana. Mwaka 2011 nilikuwa katika ofisi moja hapa mjini, tukapewa kazi ya kuskani picha za zamani za ziwa: meli, magati, watu wamesimama juu ya mawe wamevaa suti. Kompyuta yenye nafasi ilikuwa ile ya mbele, kwa dada wa mapokezi. Tuliskani miezi mitatu. Siku ya kuzipakia ndipo tukagundua kwamba mpiga picha wa picha zote, zikiwemo zilizopigwa kabla hata mimi sijazaliwa, ni "Mapokezi". Bosi alisema acheni, nani ataangalia. Niliacha. Ndilo jambo ninalolijutia zaidi katika kazi yangu, maana nyuma ya baadhi ya picha zile palikuwa na mhuri wa studio, wino wa zambarau, na hatukuunukuu. Picha za karatasi zilirudi kwa wenyewe. "Mapokezi" amebaki.

Kwako ni rahisi. Kabla hujahifadhi kazi ya mteja, fungua sehemu ya taarifa za faili, futa "hp", andika jina lake kama anavyoliandika yeye. Kwenye mipangilio ya programu badilisha pia lile jina la usajili, liwe la duka, angalau usidhaniwe printa. Wala duka lako lisiingie kama Mshiriki. Kuchapa kwa malipo ni kazi ya heshima, lakini tukianza hivyo na aliyewauzia karatasi atadai.

Mpiga picha anayesoma haya: kamera yako nayo ina mahali pa kuandika jina, pameitwa Msanii au Mwenye hakimiliki, na kila picha itatoka nalo. Lijaze. Ukipiga picha ya sanamu au mchoro wa mtu, picha ni yako na mchoro ni wake. Ni vitu viwili, kila kimoja na kadi yake na Mhusika Mkuu wake.

*

Nimemaliza chuo hapa Mwanza. Tasnifu yangu imewekwa kwenye hazina ya kidijiti ya chuo. Nikiifungua pale, msimamizi wangu ameandikwa vizuri kama msimamizi. Lakini kwenye tovuti nyingine ya kutafutia tasnifu, mimi na yeye tumepangwa bega kwa bega kama walioandika pamoja. Halafu nimeona kwenye maelezo ya ndani nimeitwa dc.contributor.author. Yaani mimi ni mshiriki tu katika kazi yangu mwenyewe?

Hongera kwa kumaliza. Tulia, hujashushwa cheo. Programu ambayo vyuo vingi huitumia kwa hazina hizi ni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Wao waliamua kila mtu awe chini ya Mshiriki, kisha kazi yake ifuate baada ya nukta: mwandishi ni dc.contributor.author, msimamizi ni dc.contributor.advisor. Ndiyo ile hoja ya Mhusika mmoja niliyomweleza mwalimu wa Nansio, imeingia kwa mlango wa nyuma.

Shida ni safari. Tovuti ile ya nje huja kuvuna maelezo kwa utaratibu unaoitwa OAI-PMH, ambao unataka kila hazina itoe angalau Dublin Core ile ya visanduku 15, bila vifafanuzi. Wakati wa kuvuka, vilemba vinavuliwa. Mambo yakiwa sawa, wewe unaangukia Mhusika Mkuu na msimamizi anaangukia Mshiriki. Tovuti ikiamua kuonyesha visanduku vyote viwili kwenye mstari mmoja, mnakaa bega kwa bega.

Hata hivyo kabla hujamlaumu OAI-PMH, nenda maktaba ya chuo uombe wakufungulie kumbukumbu nzima, si ule ukurasa mfupi. Ninavyowajua wanadamu, mara nyingi mtu aliyekuwa anajaza fomu ya arobaini siku ya Ijumaa ameandika jina la msimamizi mara mbili, kwa usimamizi na tena kwa uandishi, kwa heshima tu. Hilo hurekebishwa kwa dakika moja, na mavuno yajayo yatachukua lililo sahihi. Nenda na soda ya mkutubi.

*

(Ujumbe wa simu, Magu) Mama, tunaweka hadithi za wazee. Kompyuta inataka jina la ukoo kwanza. Wazee wetu wengine wana jina moja, wengine jina lao na la baba. Kijana wetu amegeuza kila jina. Mzee mmoja amesoma lake akasema huyo ni baba yake.

Mzee yuko sahihi kabisa. Kumweka jina la baba mbele, tena kwa koma, ni kumfufua marehemu na kumpa hadithi ambayo hakuisimulia. Mwongozo wa Dublin Core wenyewe unasema jina la ukoo litangulie, lakini ukiwa na shaka liandike kama lilivyo, usiligeuze. Usukumani shaka ipo kila nyumba. Andikeni kama mzee anavyojitaja mwenyewe mwanzoni mwa rekodi, na kama hakujitaja, rudini mkamuulize akiwa hai. Kazi yake iwe msimulizi. Msimbo wake ni stl.

Kijana asigeuze tena. Yale aliyokwisha kuyageuza ayarudishe moja moja akiwa na mzee pembeni, si kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi yatakuwa yamegeuzwa mara mbili.